Sila ya kazi za kukereza: anzia juu urudi chini

Watu wakimaliza kukereza bakuli au kinara wanauliza "nipake sila gani" (sila ni ile ya kuziba vitundu vya mbao kabla ya koti la mwisho), wakati swali la kwanza lingekuwa: baada ya hiyo sila, unataka kumalizia na nini juu yake. Ukishajua hilo machaguo yanabaki machache sana.

Kama unamalizia kwa mafuta, sila achana nayo kabisa. Mafuta yanataka kuzama ndani ya mbao, sasa wewe umeshaziba vitundu vyote, yatabaki juu yananata tu na bakuli lisishikike.

Kama ni laka, chukua sanding sila (sila ya kupigwa msasa) ya selulosi, ile inayochanganywa na thina. Inakauka chapchap halafu msasa unashuka vizuri maana imewekewa kitu kinachoifanya itoke unga mweupe mkavu badala ya kuganda kwenye msasa. Ila hichohicho ndo kinaharibu ukitaka kuweka poliyurethani (aina ya vanishi ngumu) juu, haishiki vizuri, baadaye inaweza kubanduka. Kwa poliyurethani mi naenda na shelaki (utomvu wa wadudu unaoyeyushwa kwenye spiriti) iliyotolewa nta, na kusema kweli hiyo ndo naipenda kuliko zote, inakubaliana na karibu kila kitu. Tatizo lake moja, ukishaiyeyusha kwenye spiriti haikai milele, ikizeeka inagoma kukauka, kwahiyo kama umeiweka muda mrefu dondoshea kidogo kwenye kioo kwanza, kesho yake ikiwa bado inanata mwaga.

Sila ya maji nayo ipo, haina harufu kali na haifanyi mbao nyeupe iwe njano, ila inasimamisha nyuzi, ukipitisha kidole unahisi ndevu, lazima urudie msasa.

Kwenye bakuli angalia zile sehemu mbili ambazo nyuzi zimekatwa kukingama, pale mbao inakunywa kama mchanga, unapaka inapotea, unapaka tena inapotea, huku pembeni kushaanza kung'aa. Ndo maana napunguza makali nusu kwa nusu, sila na thina yake (ya selulosi hiyo, shelaki unapunguza kwa spiriti), napaka mashine ikiwa imezimwa, nafuta inayobaki juu, ikikauka napitisha msasa namba 400 kwa mkono mwepesi. Jiandae tu kwamba sila inaumbua, mikwaruzo ya namba 180 uliyodhani imeisha inajitokeza yote, hapo hakuna ujanja, rudi nyuma ukapige msasa upya, usijaribu kuifunika na koti la pili.

Mbao nzito zenye mafuta yake kama mpingo mara nyingi nairuka sila, nasugua mbao hadi msasa wa namba za juu halafu nta basi.

Na ukitaka kung'arisha mashine ikizunguka tumia tishu, sio kitambaa. Tishu ikinaswa inachanika, kitambaa kinaondoka na kidole.