Walizaliwa huru au hawakuzaliwa huru?

Kufundisha falsafa ya sheria ya asili (wazo kwamba kuna haki iliyo juu ya sheria zilizoandikwa) darasa la jioni hapa Arusha ni kazi. Watu wametoka kazini, wanataka vifungu na kesi, si Thoma wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13. Ukiwaambia kwamba kwake sheria dhalimu ni upotoshaji wa sheria, wanaandika tu kwa ajili ya mtihani.

Jana nikaweka notisi pembeni, nikawasomea Ibara ya 12(1) ya Katiba ya Tanzania: "Binadamu wote huzaliwa huru, na wote ni sawa." Nikauliza: Katiba ni ya 1977, lakini sehemu hii ya haki iliingizwa 1984. Je, aliyezaliwa 1980 alizaliwa huru?

Kimya. Halafu moto ukawaka! Dada mmoja, karani wa mahakama: "Mwalimu, alikuwa huru. Karatasi ndiyo iliyochelewa." Kaka wa nyuma akakataa katakata: haki usiyoweza kuidai mahakamani ni maneno matupu, na kuidai kwenyewe kulianza 1988. (Huyu anasoma, jamani.)

Dada hakukubali. Mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda iliundwa Novemba 1994, baada ya mauaji, ikakaa hapa hapa mjini kwetu. Ilihukumu kwa sheria ipi? Kaka akamjibu: mkataba wa 1948 dhidi ya mauaji ya kimbari, Rwanda iliuridhia 1975.

Jibu zuri, ingawa mimi naegemea upande wa dada: huo mkataba nao ulitoka wapi? Wiki ijayo ni Radbruch, mwanafalsafa wa sheria wa Ujerumani aliyesema sheria dhalimu kupita kiasi si sheria, na kaka ameshaomba dakika kumi za mwanzo.