Saa nane na dakika 42 usiku

Kila mwaka, usiku wa kuamkia Novemba 18, saa nane na dakika 42 kwa saa za Texas, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas A&M hukusanyika gizani mjini College Station. (Kwetu Afrika Mashariki ni saa tano na dakika 42, jua limeshapanda.) Ndiyo dakika ambayo mwaka 1999 mnara wa magogo yapatayo 5,000, wenye kimo cha futi 59, uliwaporomokea vijana waliokuwa wakiujenga. Wakafa 12, wakajeruhiwa 27. Ulikuwa wa kuwashwa moto kabla ya mechi dhidi ya Chuo Kikuu cha Texas, desturi ya tangu 1909.

Wanasimama kwenye duara la ukumbusho lenye kipenyo cha futi 170, lililozinduliwa 2004. Lina milango 12, na kila mlango umeelekezwa kwenye mji wa nyumbani kwa marehemu wake. Ukisimama ndani yake, unatazama upande wa kwao. Mimi uchungu hunishika hapo.

Ila nadhani marehemu tunawakumbuka nusu ikiwa hatusemi mnara ulianguka kwa nini. Magogo ya tabaka la chini yalisimamishwa wima kuzunguka nguzo ya kati, yakafungwa kwa waya. Yale ya tabaka la pili yakashindiliwa kwa nguvu kwenye mianya iliyo kati ya hayo ya chini. Aliyewahi kupasua kuni kwa kabari anajua kinachofuata: kabari haishuki bila kutanua. Kila gogo lililoshindiliwa liliyasukuma ya chini kwenda nje, na waya pekee ndio uliyazuia. Miaka ya nyuma tabaka hilo lilikuwa likizungushiwa kebo za chuma. Mwaka ule hazikufungwa. Waya ukazidiwa. Tume iliyochunguza iliona pia kwamba hapakuwa na mchoro wa kihandisi ulioandikwa. Vijana walirithishana ufundi kwa mdomo, na kila kizazi kiligeuza kitu kidogo.

Uokoaji ulipita saa 24. Magogo mengi yaliondolewa kwa mikono, moja moja, kwani kuvuta lisilofaa kungewaangushia mengine walionasa wakiwa hai.

Chuo hakijajenga tena mnara. Wanafunzi wanaoendeleza desturi hiyo nje ya chuo wamebadili ujenzi: kila gogo sharti liguse ardhi.