Kanuni za Shala: mgeni, damu na jiwe la mpaka

Neno lenyewe tunalo. Sisi tunasema kanuni, Waalbania wa milimani, huko Ulaya, wanasema kanun, na asili yake ni moja: lilitoka kwa Wagiriki, likapita kwa Waarabu, Waturuki wakalifikisha kwao. Ila kwao si karatasi ya masharti ya chama cha likelemba, cha kuchangiana pesa kwa zamu. Ni sheria nzima ya kuishi, tangu namna ya kumwita mwenye nyumba ukiwa uani hadi namna ya kumlaza mtu uliyemwua. Hapa naandika juu ya kabila moja, Shala. Makabila ya kaskazini mwa Albania ni mengi (Hoti, Kelmendi, Kastrati, Shkreli, Mirdita), na anayeyachanganya yote huishia kusema tu kwamba ni watu wa kisasi. Hiyo ni nusu ya habari, tena ile nusu isiyoeleza kitu.

Shala ni bonde la mto wenye jina hilohilo. Kijiji chake cha juu kabisa kinaitwa Theth, kimezungukwa na milima ya mawe ya chokaa. Kilele kirefu cha upande ule, Maja e Jezercës, kina meta 2,694. Mlima wetu wa Kahuzi, huku Kivu, unafika 3,308, lakini Kahuzi haijawahi kumfungia mtu njia kwa theluji. Kule theluji hukata njia ya kushuka mjini Shkodër wakati wa baridi, na hiyo ni sababu moja ya Waosmani, yaani dola la Waturuki, waliotawala Albania zaidi ya miaka 400, kushindwa kuitia milima hiyo mkononi kabisa. Walichofanya ni kuyahesabu makabila kwa bendera. Bendera ni bajrak, mshika bendera ni bajraktar, naye ndiye aliyeongoza vita na kukaa mbele katika kuvend, yaani barza yao. Msomaji wa Kabare au Walungu, huku Kivu, asimfikirie kama mwami, mtawala wetu wa kimila. Bajraktar hakupokea kalinzi (malipo ya kupewa shamba) kwa mtu, na neno lake peke yake halikumhukumu mwanamume wa kabila.

Juu ya asili yao, wanasimulia ndugu watatu waliogawana vitu. Mmoja alichukua tandiko la farasi, shalë. Wa pili alichukua chekecheo, shoshë. Wa tatu akakosa, akasema “mirë dita”, mchana mwema, akaenda zake. Ndio Shala, Shoshi na Mirdita. Inachekesha, lakini ilikuwa na kazi: makabila hayo matatu hayakuoana, maana yalihesabiwa damu moja. Mwingereza Edith Durham, aliyetembea milimani humo mwaka 1908, aliikuta marufuku hiyo ikishikwa kweli. Ukoo wa baba wanauita mti wa damu, wa mama wanauita mti wa maziwa. Mti wa damu hauna mwisho, hata vipite vizazi mia msichana wa kabila lako ni dada yako.

Sheria hizo zilikaa vichwani mwa wazee kwa karne nyingi, zikibeba jina la Lekë Dukagjini, bwana mkubwa wa karne ya 15. Aliyezikusanya ni padre Mfransisko, Shtjefën Gjeçovi. Aliuawa mwaka 1929, na kitabu kikatoka Shkodër mwaka 1933, kikiwa na vifungu zaidi ya 1,200.

Tuanze na mgeni, maana kanuni hizo zinasema nyumba ya Mwalbania ni ya Mungu na ya mgeni. Mgeni habishi hodi mlangoni. Anasimama uani na kuita: “Ewe mwenye nyumba!” Mwenye nyumba anaitika, anatoka, anapokea bunduki ya mgeni na kuitundika ukutani. Hapo pana mambo mawili kwa mpigo: mgeni hana tena silaha, na kuanzia dakika hiyo ulinzi wake uko juu ya mwenye nyumba. Anaketishwa karibu na moto, kuni zinaongezwa, akiwa amechoka anaoshwa miguu. Kinacholazimika kutolewa ni mkate, chumvi na moyo. Maskini hana lawama, maana havidaiwi zaidi ya hivyo vitatu.

Sisi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kule jembe halitajwi. Akiondoka anasindikizwa, na akiuawa njiani akiwa bado chini ya ulinzi wako, kisasi chake unakidai wewe, hata kama jina lake ulilijua jana usiku. Hata adui aliyemwua ndugu yako, akiita uani, unamwambia karibu. Tena mgeni naye ana mipaka. Kufunua mfuniko wa chungu kilicho motoni ni tusi linalohesabiwa pamoja na kumtemea mtu mate au kumnyang’anya silaha. Chungu ni siri ya nyumba: anayefunua anaona kilichomo na kilichokosekana.

Sasa damu. Anayeua kwa kisasi hana ruhusa ya kuua na kupotea. Lazima amgeuze maiti achungulie mbinguni, aweke bunduki ya marehemu karibu na kichwa chake. Akiwa ametetemeka mno asiweze, amwambie mtu wa kwanza anayekutana naye njiani akafanye hivyo. Kisha apeleke habari kwa wafiwa kwamba ni yeye, wasije wakamshuku mwingine. Bunduki ya marehemu haichukuliwi. Akiichukua anadaiwa damu mbili: moja ya mtu, moja ya fedheha.

Baada ya hapo wafiwa huombwa besa, ahadi isiyovunjwa. Ya kwanza ni ya saa 24. Ndani ya saa hizo muuaji anakwenda matangani, anamsindikiza marehemu na kukaa kwenye chakula cha msiba, na hakuna anayemgusa. Ndiyo, anakula pale pale. Halafu kijiji kinaomba besa ya siku 30. Zikiisha, muuaji hatembei tena mchana. Anajifungia.

Kule Theth mnara wa kujifungia bado umesimama. Ni nyumba ya mawe yenye vidirisha vyembamba vya kutolea mtutu wa bunduki. Waliojifungia ni wanaume tu. Wanawake waliendelea kulima, kuchota maji na kwenda sokoni katikati ya ugomvi, kwa kuwa mwanamke hakuingia kwenye hesabu ya damu. Padre naye hakuguswa.

Ukiangalia vizuri, karibu kila kifungu cha damu kinahesabu kitu: saa, siku, vichwa. Kichwa kwa kichwa, na jeraha ni nusu ya damu. Kwa maoni yangu hesabu hiyo ilikuwa breki. Breki hiyo iliharibika mahali pamoja panapojulikana. Zamani damu ilifuata kidole, yaani aliyefyatua ndiye anayedaiwa. Baadaye deni likapanuliwa hadi kila mwanamume wa nyumba ya muuaji, hata mtoto wa kiume aliye kwenye susu. Toka hapo hesabu haikuisha upesi, maana daima yupo mwingine wa kudai na mwingine wa kudaiwa. Na asiyelipiza aliaibishwa hadharani: kahawa alipewa kwa kupitishwa chini ya goti. Mzee aliyekuwa tayari kusamehe alipaswa kukinywa kikombe hicho mbele ya watu kila alipotoka nyumbani.

Suluhu pia ina mpangilio wake. Wapatanishi na wadhamini wanamleta muuaji kwenye nyumba ya marehemu, mikono imefungwa. Mwenye nyumba akisamehe, kamba zinafunguliwa, wanakula pamoja mkate wa damu, na msalaba unachongwa mlangoni (Shala ni Wakatoliki). Wakitaka kumaliza kabisa, wanachanjiana. Kila mmoja anatobolewa kidole cha mwisho, tone linaangukia kwenye gilasi ndogo yenye maji kidogo, wanabadilishana gilasi na kunywa huku mikono imepishana. Huku kwenye Maziwa Makuu mambo ya kuchanjiana hayahitaji maelezo. Huko Kosovo, kwa Waalbania wenzao, profesa Anton Çetta aliongoza mwaka 1990 wimbi kubwa la kusamehe damu. Tarehe 1 Mei mwaka huo watu walifurika bonde la Verrat e Llukës, familia baada ya familia zikisimama na kutangaza msamaha.

Kwa wanawake sheria hiyo ni ngumu, wala sioni sababu ya kuipamba. Mke anaitwa kiriba, chombo cha kubebea. Urithi ni wa wana wa kiume peke yao. Msafara wa kumchukua bibi harusi haurudishwi hata kukiwa na maiti ndani: bibi harusi anaingia, marehemu anatoka, upande mmoja wanalia, upande mwingine wanaimba. Njia moja ya kutoka ilikuwa kuapa mbele ya wazee kuwa hataolewa maisha yake yote. Aliyeapa aliitwa burrneshë. Alivaa suruali, alibeba bunduki, aliketi na wanaume, na nyumba isiyo na mwana wa kiume ikapata mwenyewe.

Jambo ambalo mtu wa Bukavu ataling’amua haraka zaidi ni mpaka wa shamba. Jiwe kubwa linasimikwa, na kulizunguka vinafukiwa vijiwe sita au kumi na viwili. Hao ndio mashahidi. Akija mjanja usiku akasogeza lile kubwa, wazee wanachimba: vijiwe viko wapi? Ugomvi ukizidi, mzee anayeujua mpaka anabebeshwa jiwe na bonge la udongo begani, anatembea juu ya mstari huku akiapa kwamba akidanganya, uzito huo umlemee huko ahera.

Wakomunisti walipoingia mwaka 1944 walizika haya yote, ardhi ikawa ya ushirika. Utawala wao ulipoanguka, sheria namba 7501 ya mwaka 1991 ikaamuru mashamba yagawanywe kwa idadi ya watu walio ndani ya kila nyumba. Milimani wengi walikataa, wakarudi kwenye mawe ya babu zao. Lakini mashahidi wa chini walikuwa wamelimwa na matrekta, na wazee wa kubeba udongo wengi walikuwa wamekufa. Hapo madai ya damu yalirudi, safari hii bila kuvend, bila bajraktar, bila mtu wa kuomba zile siku 30. Wengine wameua wanawake na watoto na kusema wanafuata kanun, jambo ambalo mzee yeyote wa Shala angelikana. Familia zilizoshuka hadi pembeni mwa Shkodër zilibeba deni bila mnara wa kujifungia. Wavulana walikaa ndani ya nyumba za kawaida za matofali, mapazia yamefungwa, mwalimu akija nyumbani kuwafundisha na dada zao wakienda shule kama kawaida.