Wema Wenye Saa na Mwisho: Ninavyowahudumia Majirani

Maneno "ukihitaji chochote niambie" nimeacha kuyatumia. Yanasikika kama upendo, lakini yanamwachia mgonjwa au mfiwa kazi 3: afikirie anahitaji nini, akisie kama mimi naweza, kisha ashinde aibu aje kuomba. Wengi hawaji. Yakobo 2:15-16 inamsema mtu wa namna hiyohiyo, anayemwambia mwenye njaa aende akaote moto na kushiba, asimpe kitu.

Siku hizi nasema jambo lenye saa: "Jirani, kesho saa 4 asubuhi naenda sokoni. Nikuletee mboga, au nikuchukulie dawa zako?" Machaguo 2 yanatosha. Yakizidi, namrudishia mzigo wa kufikiri; likiwa moja, huenda akakubali kwa kunistahi tu, hata kama halimfai.

Kipimo changu nimekichukua kwa Msamaria wa Luka 10. Tukisimulia habari ile tunakazia huruma, tunapita haraka kwenye hesabu. Alifunga majeraha ya mtu aliyepigwa na wanyang'anyi njiani, akatia mafuta na divai, akampandisha yule mtu juu ya mnyama wake, akamtunza usiku mmoja. Kesho yake akatoa dinari 2, yaani ujira wa kibarua wa siku 2 kwa kulinganisha na Mathayo 20:2, akaendelea na safari yake, akiahidi kulipa kilichozidi atakaporudi. Alifanya kilichokuwa ndani ya uwezo wake, akamshirikisha mwenye nyumba ya wageni, na hakutoweka. Mimi nimejiwekea tendo moja kwa wiki lisilozidi dakika 20, na linaandikwa kwenye kalenda. Nisipoandika, linabaki nia njema.

Chakula ndicho kinachoharibika kirahisi kuliko vyote, kwa maana zote mbili. Kabla ya kupika nauliza ni nani asiyeruhusiwa kula nini (sukari, chumvi, karanga, maziwa, mayai, au kinachokatazwa na dini yake), wako wangapi, na wanakula saa ngapi. Napeleka katika chombo ambacho sihitaji kirudi, kwa sababu chombo cha kurudisha ni deni, na wengi huona vibaya kukirudisha kitupu. Chakula kikiwa cha moto nakifunga mara tu kinapotoka jikoni, kibaki juu ya nyuzijoto 60. Kilichokaa wazi zaidi ya saa 2 sikipeleki. Wali hasa unadanganya: ukiachwa kwenye joto la kawaida, bakteria huweza kutengeneza sumu isiyoondoka hata ukipashwa upya. Juu ya mfuniko nabandika karatasi yenye tarehe na viungo vyote, maana anayepokea mlangoni huenda siye atakayekula.

Kisha naondoka. Kwa mgonjwa sipitishi dakika 15, hata akinisihi nikae, na ushauri wa dawa sitoi kamwe. Mithali 25:17 inaonya tusiikanyage mno nyumba ya jirani asije akatuchoka, na 27:14 inasema baraka ya sauti kuu alfajiri huhesabiwa kuwa laana. Nani angetegemea Biblia ijali hata saa ya kubisha hodi?

Kwenye msiba, wiki ya kwanza watu huwa wengi na mikono haina kazi. Upweke huja wageni wakishatawanyika, kwa hiyo naandika tarehe ya wiki ya 3, ya 6, na ile ya mwaka. Siku hiyo napita, namtaja marehemu kwa jina, nasikiliza. Warumi 12:15 inatuambia tulie pamoja na waliao. Haituagizi tuwaeleze kwa nini wamefiwa. "Mungu alimpenda zaidi" ni maneno yanayoumiza, na anayeumizwa hawezi kukujibu.

Kuhusu kuitaja imani: sibandiki mwaliko wa ibada kwenye bakuli. Ukiubandika, chakula kinageuka chambo, na jirani wa dini nyingine ataogopa kupokea tena. 1 Petro 3:15 inataka tuwe tayari kumjibu anayeuliza, kwa upole na hofu. Jibu langu ni fupi: "Kristo alinihurumia bure, nami namshukuru hivi." Akiuliza zaidi, naendelea, asipouliza, naishia hapo. Kuomba, nauliza kwanza: "Nikuombee hapa, au nikuombee nikiwa nyumbani?" Akisema hapa, sala haizidi dakika moja na inataja jambo lake lenyewe. Jina lake silipeleki kwenye kikundi cha maombi bila ruhusa. Siri nyingi za majirani zimevuja kwa kivuli cha "tumwombee ndugu yetu".

Hitaji likiwa la kila siku, mtu mmoja atachoka na kuanza kukwepa, na kukwepa kunauma kuliko kama hangekuja kabisa. Hapo natafuta wengine 3 au 4 tugawane siku kwa maandishi, kila mmoja ajue siku yake na nani wa kumpigia akikwama. Msaada wa fedha nautoa kama zawadi, kiasi nisichohitaji kurudishiwa. Mkopo mdogo huharibu salamu za miaka.

Jambo la mwisho nililojifunza ni kumwomba jirani msaada. Jirani anayepokea tu huanza kuinamisha macho. Yesu, katika Yohana 4:7, alianza kwa kumwomba mwanamke Msamaria maji ya kunywa. Nami kabla mwezi haujaisha namwomba jirani kitu kidogo: ngazi, sindano, maelekezo ya kazi anayoijua kuliko mimi. Kiwe kitu ninachokihitaji kweli, maana cha kujifanya atakitambua. Kiwe anacho tayari, asilazimike kukitafuta. Na nakirudisha siku hiyohiyo, kikiwa safi.