CT ya ateri za mapafu huharibikia kwenye kanula na pumzi

Picha ya CT (eksirei ya kompyuta) ya kutafuta bonge la damu mapafuni ikitoka hafifu, lawama hupewa mashine. Mara nyingi mashine haina kosa lolote. Anza na mkono wa mgonjwa.

Kanula, yaani mrija mdogo unaoingizwa mshipani, iwe ya unene wa geji 18, ile ya kijani, kwenye mshipa wa mbele ya kiwiko, wa kulia ukipatikana, maana kutoka kushoto dawa ya iodini ya kung'arisha mishipa ina safari ndefu kukatiza kifua. Ya waridi, geji 20, nayo inatosha kwa mililita 4 kwa sekunde. Ya bluu nyuma ya kiganja haifai: ukipunguza kasi ili kuinusuru, dawa inafika moyoni imechujuka. Kabla ya dawa, sukuma maji ya chumvi mililita 20 kwa kasi ileile, kidole kikiwa juu ya mshipa. Pakivimba, tafuta mshipa mwingine.

Mzio na figo umeshauliza, natumaini. Kwa mtu mzima wa kilo 70 hivi, mililita 60 hadi 70 za dawa yenye miligramu 350 za iodini kwa mililita zinatosha, zikifuatwa na maji ya chumvi mililita 40. Maji haya usiyaruke. Yasipopita, dawa nzito inabaki kwenye vena kuu ya juu, mshipa unaoleta damu moyoni kutoka juu, na kutupa michirizi juu ya ateri ya kulia, palepale unapotafuta bonge. Dawa ipashwe moto hadi nyuzi 37. Ikiwa baridi inakuwa nzito na presha ya pampu inayosukuma dawa inapanda. Kwa asiye mnene, shusha nguvu ya eksirei hadi kV 100 (kilovolti), iodini ing'ae zaidi.

Sasa pumzi, na hapa ndipo wengi huharibu. Ukiamuru “vuta pumzi kwa nguvu!”, presha ya kifua inashuka na damu isiyo na dawa inapanda kwa wingi kutoka tumboni, inaingia moyoni na kuizimua dawa. Sema: “Mama, vuta pumzi kidogo tu, ibane, usijikaze.” Mfanyishe mazoezi kabla hajaunganishwa na pampu. Anayehema sana, mpige picha kutoka chini kwenda juu, kwa kuwa chini ya mapafu ndiko kunakotikisika zaidi.

Picha ikiharibika, usikimbilie dozi ya pili. Vena kuu ya juu na aota, ateri kuu ya mwili, zikiwa nyeupe huku ateri za mapafu zimefifia, ni pumzi. Aota ikiwa bado na giza, umepiga mapema mno. Ikizizidi ateri za mapafu kwa weupe na vena hiyo imeshafifia, umechelewa.