Kupanda Montségur, mlima wa Wakathari

Njia ya kwenda juu Montségur inaanzia kwenye malisho yaliyo chini ya mlima, na kabla hujapanda sana unakutana na nguzo ya jiwe iliyosimikwa mwaka 1960. Mimi na mwenyeji wangu tulikuwa tumetoka Toulouse asubuhi, tukapita Foix na Lavelanet, tukaacha gari kando ya barabara. Maandishi ya nguzo ni ya Kioksitani, lugha ya asili ya kusini mwa Ufaransa: kwa Wakathari, wafia dini wa upendo safi wa Kikristo, 16 Machi 1244. Tulisimama hapo kitambo. Ukijua kilichotokea siku ile, huwezi kupita tu.

Wakathari walikuwa Wakristo, ila waliamini kwamba dunia hii ya udongo na nyama haikuumbwa na Mungu mwema. Viongozi wao, wanaume kwa wanawake, waliitwa na watu wao Watu Wema. Hawakula nyama, mayai wala maziwa, hawakula kiapo, hawakuua. Sakramenti yao kubwa ilikuwa kuwekewa mikono, na mwanamke naye aliweza kuipokea na kuitoa. Kwa Roma huo ulikuwa uzushi. Papa Innocent III aliitisha Vita vya Msalaba dhidi yao. Julai 1209 mji wa Béziers ukachinjwa, na vita havikuisha hadi mkataba wa 1229. Baada ya hapo ikaja mahakama ya kuwasaka wazushi, na waliosalia wakatafuta pa kujificha.

Pa kujificha palikuwa hapa juu. Raymond de Péreille, bwana wa eneo hili, aliijenga upya ngome ya zamani mnamo 1204 kwa kuombwa na Watu Wema wenyewe, na mwaka 1232 askofu wao, Guilhabert de Castres, akapafanya makao makuu ya kanisa lao. Kilele kina mita 1,207. Njia ni mwinuko mtupu, mawe ya chokaa yamesuguliwa na viatu hadi yanateleza, na vichaka pande zote. Kila nilipotua kuvuta pumzi niliwafikiria waliopandisha magunia ya ngano kwa mgongo huku juu, wakijua chini wanasakwa.

Kileleni kuna jambo ambalo wageni wengi hawaambiwi mapema: kuta hizi nene zinazopigwa picha si za Wakathari. Mlima ulipotekwa ulikabidhiwa kwa Guy de Lévis, na ukoo wake ndio uliojenga ngome tunayoiona. Kuna watu hupanda alfajiri ya siku ndefu kuliko zote mwezi Juni kuangalia jua likipenya kwenye matundu ya mnara, wakiamini ni hekalu la Wakathari. Mimi naona tunawakosea marehemu kwa kuwasifia nyumba za waliowashinda. Nyumba zao zipo, ila uzunguke nyuma ya ukuta, upande wa kaskazini: misingi ya vijumba vidogo vidogo, imeng'ang'ania mteremko ngazi kwa ngazi, na chini yake hakuna kitu ila hewa. Niligusa ukuta mmoja. Haunifiki kiunoni.

Mwezi Mei 1242 askari wa hapa walishuka Avignonet wakawaua maofisa wa ile mahakama. Jibu likaja Mei 1243: Hugues des Arcis, aliyetawala Carcassonne kwa niaba ya mfalme, pamoja na askofu mkuu wa Narbonne, wakauzingira mlima. Miezi ikapita bila mafanikio. Wakati wa baridi, watu wenye silaha nyepesi na wanaoyajua majabali walipanda usiku upande wa mashariki, wakawaua walinzi wa Roc de la Tour, kituo cha ulinzi juu ya jabali upande huo. Mwandishi wa zama hizo anasema kulipokucha walitazama chini, wakatishika na njia waliyopita, mchana wasingethubutu. Kutoka hapo mtambo wa kurushia mawe ukaanza kuipiga ngome.

Tarehe 2 Machi 1244 walisalimu amri. Masharti yalikuwa haya: askari na watu wa kawaida watasamehewa wakiungama, ila Watu Wema waikane imani yao au wachomwe moto. Wakapewa siku 15. Siku hizo ndizo zilizonileta hapa. Hatusomi kwamba walizitumia kulia. Waligawa mali. Askofu Bertrand Marty aliwapa askari mafuta, pilipili manga, chumvi na nta. Bibi Marquésia wa Lantar alimwachia mjukuu wake Philippa vyote alivyokuwa navyo. Na tarehe 13, watu zaidi ya kumi, wakiwemo askari ambao wangeweza kuondoka zao wakiwa hai, waliomba kuwekewa mikono, wakijua hiyo ni hukumu ya kifo. Mmoja wao alikuwa Corba, mke wa Raymond. Tarehe 16 watu zaidi ya 200 waliingizwa kwenye uzio wa miti chini ya mlima, ukatiwa moto. Marquésia, binti yake Corba na mjukuu wake Esclarmonde waliingia pamoja.

Tulishuka hadi kijijini, kwenye jumba dogo la makumbusho: vichwa vya mishale, mikasi, dadu za kuchezea. Mambo haya ya chumvi na pilipili tumeyapata kwa sababu mtawa Ferrer, hakimu wa mahakama ile, aliwahoji walionusurika, na makarani wakaandika kila jibu. Raymond de Péreille alikuwa miongoni mwa waliohojiwa, majuma machache baada ya kumpoteza mkewe, binti yake na mama mkwe wake. Aliulizwa ngome ilijengwa lini na kwa ajili ya nani, naye akajibu.