Mayai Saba Mgongoni

Ilikuwa mwezi wa Mei, mwaka wangu wa pili wa masomo Hispania. Tulikuwa tumepiga magoti kwenye mteremko wa mawe nje ya Madrid, jua la utosi, tukipekua kijimea kinachotambaa chini, kimejaa vijani vikavu vyeupe kama karatasi. Tulimtafuta mdudu ambaye wanasayansi humwita Phyllomorpha laciniata. Ni wa ukoo mmoja na wale wanaofyonza maboga shambani, ila yeye riziki yake ni kijimea kile. Nusu saa nzima sikuona kitu, kumbe nilikuwa namtazama: mwili bapa wa rangi ya majani makavu, kingo zimechanikachanika na kuota miiba, urefu kama sentimita moja. Akitulia, ni takataka tu.

Wangu akatembea. Mgongoni alikuwa na mayai saba, yanang'aa kama shanga za dhahabu, yamenata ovyo ovyo, moja karibu kabisa na shingo. Nikasema kwa furaha, "Mama huyu, kabeba wanawe kwa mbeleko!"

Mwalimu akainama, akamgeuza taratibu. "Ni dume."

Jike hawezi kutaga mgongoni mwake mwenyewe, akatueleza, kwa hiyo humtagia mwenzake, awe dume au jike. Madume ndio hubeba zaidi, hata mayai yasiyo ya damu yao.

Nikataka kuyahesabu vizuri. Nikayagusa kwa ncha ya kibanio, moja likabanduka, likaanguka mchangani. Nililirudisha mgongoni, halikunata tena. Nikaliweka kwenye mmea, katikati ya vijani, nikidhani nimelisitiri. Muda si mrefu sisimizi wawili wakalikokota.

Mwalimu hakunikaripia. Alisema yakitagwa kwenye mmea ndivyo yanavyokwisha, yanaliwa na sisimizi. Nikamrudisha yule dume pale pale nilipomtoa, mikono ikinitetemeka.

Mimi nimelelewa na baba wa kambo. Siku ya kwanza ya shule alinibeba begani, maana njia ilikuwa matope matupu. Jioni ile nikampigia simu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kwema huko?"

Nikamwambia nimeona mdudu. Akataka nimweleze yote, mpaka ile miiba. Nilipofika kwenye yai lililoanguka, akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na yale sita?"

"Nilimwacha nayo mgongoni, baba."